Kazi ya Mikono Yako Ibaki na Jina Lako

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanagenzi wa upambaji wa nyumba katika chuo cha ufundi



Leo nawaletea habari za Ruby Ross Wood, Mmarekani wa kutoka Georgia. Alianza kama mwandishi wa habari, kama mimi. Akiwa na jarida la The Delineator mjini New York, aliandika makala kuhusu upambaji wa nyumba, lakini yalichapishwa kwa jina la mpambaji maarufu, Elsie de Wolfe. Mwaka 1913 makala hayo yakawa kitabu, The House in Good Taste. Kilisifiwa sana. Jina la Ruby halikuwa kwenye jalada.

Mimi pia huandika maneno yanayosomwa na wengine, kwa hivyo namwelewa. Lakini anayeandika kwa makini hujifunza anachokiandika. Mwaka 1914 Ruby, wakati huo akiitwa Goodnow, alitoa The Honest House akishirikiana na msanifu majengo Rayne Adams. Safari hii jina lake lilikuwepo. Baadaye akaongoza idara ya upambaji katika duka la Wanamaker, kisha akawa na kampuni yake. Mwaka 1935 alimwajiri kijana Billy Baldwin, aliyekuja kuwa mpambaji mashuhuri.

Kwa nini nawaambia haya? Hapa kwetu binti hushona mapazia na kupamba ukumbi mzima wa harusi, halafu picha zinasambaa kwa jina la mtu mwingine. Mteja wa pili humpigia simu huyo mwingine.

Basi fanyeni hivi. Kubalianeni na mteja kwa maandishi kabla ya kuanza. Pigeni picha chumba kabla na baada ya kazi, na ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kuzisambaza. Andikeni vifaa, bei na siku mlizotumia. Kazi zenu za picha na maandishi mnaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Sajilini biashara pia, kwani asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na zabuni haipewi mtu asiye na jina.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini anayevisha pete lazima ajue chanda ni cha nani.