Nyumba Inayogombana Yenyewe

Neno letu la leo latoka Injili ya Marko, sura ya 3, mstari wa 25, mahali Bwana anapotuonya juu ya nyumba inayogombana yenyewe.

Huku Ukambani baba zetu hawakuwa na wafalme. Mambo yaliamuliwa na wazee wa nzama. Lakini pwani zilikuwako koo zilizorithishana utawala. Mmoja ulikuwa ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Walitoka Omani, wakawekwa kuwa maliwali, kisha wakajitawala wenyewe. Kwa karibu miaka 100 walishika Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wengi wetu tuliofika Mombasa tumeona unene wa kuta zake.

Seyyid Said, mtawala wa Omani, aliitamani sana Mombasa. Alikuja na merikebu na mizinga zaidi ya mara moja, wala hakuweza kuishika. Basi ilianguka namna gani? Mwaka 1835 liwali Salim bin Ahmed alifariki, na watu wa jamaa yake wakagombania kiti. Baadhi ya wakubwa wa mji wakamgeukia Seyyid Said. Mwaka 1837 akaingia. Viongozi wa Mazrui wakakamatwa, wakatiwa merikebuni, wakapelekwa Bandar Abbas huko Uajemi. Mmisionari wetu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alifika na barua ya Seyyid Said mkononi. Kuta za ngome zilikuwa zimesimama vile vile.

Je, waliobaki walijifunza? Mwaka 1895 mkubwa wa Mazrui wa Takaungu alifariki, na ugomvi wa urithi ukazuka tena. Safari hii Kampuni ya Waingereza ndiyo iliyochagua mrithi. Mwenzake akashika bunduki, vijiji vikachomwa, na mwaka 1896 walioshindwa wakakimbilia upande wa Wajerumani.

Ndugu zetu, tusiwacheke. Sisi wachungaji tumesimama penye makaburi ambapo wana wa baba mmoja hawakukubali kuketi benchi moja. Udongo haujakauka, nao wameanza kuulizana cheti cha shamba kiko wapi. Kesi huenda mwaka hata mwaka. Ng'ombe huuzwa, kisha kipande cha shamba, ili kulipa wakili. Mwisho mgeni anajenga nyumba mahali mama yao alipokuwa akilima mahindi. Na hata kanisani tumegombania viti vya kamati, mpaka washiriki wakaondoka mmoja mmoja.

Adui wa nje tunamwona, twafunga mlango. Lakini ugomvi wa ndani tunaupikia chakula na kuutandikia kitanda.

Baba unayetusikiliza, sema mapema, watoto wote wakiwapo, nani atapata nini, na binti zako usiwasahau. Nawe uliyekosana na ndugu yako, usingoje aanze yeye. Kabla jua halijatua leo, vuka mto, ubishe hodi kwake.

Tuombe. Ee Bwana, tuponye nyumba zetu. Tupe moyo wa kutangulia kusema, nimekosa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.