Mgonjwa Asiyeandikwa Daftarini
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Kihesa, Iringa)



Jambo tulilolichagua ni la hesabu, lakini asiogope mtu, maana hesabu yenyewe ni ndogo. Twataka kuuliza hivi: tunaposema kwamba huduma za afya zimewafikia watu, twajuaje ya kuwa zimewafikia na maskini?

Sisi watumishi tumezoea kujibu kwa daftari. Mwisho wa mwezi wagonjwa huhesabiwa, jumla huandikwa, na jumla ikizidi ile ya mwezi uliopita twafurahi. Walakini daftari humwandika aliyefika tu. Aliyelala nyumbani na homa kwa kukosa nauli hana mstari wake. Na hata huyo aliyefika, daftari latuambia jina, umri na ugonjwa wake. Halituambii kama ametoka katika nyumba yenye akiba au nyumba isiyo na chumvi. Basi jumla yaweza kupanda kila mwaka, na maskini wakabaki pale pale walipokuwa.

Wengine watasema, "Na aulizwe mapato yake." Njia hii haifai sana katika nchi ya wakulima. Mkulima wa Ismani hupata fedha auzapo mahindi, kisha hukaa miezi mingi bila kupata kitu; na mwenye duka hapendi kutaja faida yake mbele ya mgeni. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine. Mwaka 2001 Deon Filmer na Lant Pritchett walichapisha kazi yao juu ya nyumba za India, wakaonyesha kwamba hali ya watu yaweza kukadiriwa kwa vitu walivyo navyo. Huulizwa: sakafu ni ya udongo au ya saruji? Paa ni la nyasi au la bati? Maji yatoka wapi? Mwapikia kuni, mkaa au gesi? Mna redio, baiskeli, umeme? Kila jibu hupewa uzito wake, kisha nyumba zote hupangwa toka ya chini hata ya juu, na watu hugawanywa mafungu 5 yaliyo sawa, kila fungu watu 20 katika 100.

Hesabu ya namna hii hutumika katika uchunguzi wa afya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Uchunguzi wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, 63 walizaliwa katika vituo vya afya. Lakini mafungu yalipotazamwa moja moja, katika fungu la juu walikuwa zaidi ya 9 katika 10, na katika fungu la chini hawakufika nusu. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kuwa jumla imepanda hata 81. Ni habari njema, na wakunga wetu wastahili pongezi. Lakini lililo letu ni kuuliza, wale 19 waliobaki ni watoto wa nani?

Sasa tuje hapa Kihesa. Tuseme zahanati moja imewauliza wagonjwa 100 maswali yale, ikaona kwamba 5 tu ni wa fungu la chini la nchi nzima. Je, imewasahau maskini? Huenda sivyo. Mjini nyumba nyingi zina bati na umeme, na mchukuzi wa mizigo sokoni, aliyepanga chumba kimoja na watoto wake, aweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kati. Yafaa alinganishwe na watu wa mji. Kadhalika, zahanati ya kijiji cha mbali yaweza kujisifu kwamba wagonjwa wake wengi ni wa fungu la chini, kumbe kijiji kizima ni cha fungu hilo, na walio duni kuliko wote hawaji.

Jambo hilo lilionekana kwa jirani zetu ng'ambo ya milima ya Udzungwa. Mwaka 1999 Joanna Schellenberg na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya za Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini, na habari zao zilichapishwa mwaka 2003. Mpita njia angedhani wanavijiji wale wote ni maskini sawasawa. Haikuwa hivyo. Hata miongoni mwao, watoto wa nyumba zilizo duni zaidi hawakupelekwa kutibiwa kama watoto wa nyumba zenye nafuu. Hili halikuweza kujulikana dirishani pa zahanati. Lilijulikana kwa kwenda kubisha hodi.

Mabwana na mabibi, yatupasa kujihadhari na kosa moja. Kipimo hiki ni cha kupima huduma, si cha kumhukumu mgonjwa mmoja. Mjane aweza kuwa na paa la bati aliloachiwa na marehemu mumewe, naye leo hana senti. Tukikifanya kuwa mlango wa msamaha wa malipo, mjane huyo atafukuzwa, na mwerevu ataificha redio yake. Tangu malipo yalipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, msamaha kwa wasiojiweza umekuwapo. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo yataka wasio na uwezo watambuliwe. Kumtambua mtu ni kazi ya majirani wanaomjua na karani mwenye huruma. Kipimo hufuata baadaye, kutuambia kama kazi hiyo imefanyika.

Nasi tujitazame wenyewe. Tangu mwaka 2001 watumishi wa serikali twakatwa mshahara, nasi twatibiwa kwa kadi ya bima. Ni haki yetu, wala hatuionei haya. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kadi hupita dirishani asimwone aliyerudi nyumbani alipotajiwa bei.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu mambo matatu. Kwanza, anayeandika taarifa ya mwezi asiridhike na jumla. Mara moja kwa mwaka wagonjwa waulizwe maswali yale machache. Pili, majibu yalinganishwe na watu wa mahali pale pale. Tatu, pawepo siku ya kwenda nyumbani kwa wasiokuja, kuwauliza kwa heshima kilichowazuia.

Daftari zuri ni lile linalotuonyesha pia nani hayumo.