Kiwanja cha Ndege Kikipanuliwa, Tujipange Mapema
(Maneno kwa vikundi vya kujisaidia)



Tunataka kuongea habari ya kiwanja cha ndege cha Malindi. Mpango uliotangazwa ni kurefusha njia ya ndege kutoka kilomita 1.4 hadi 2.5, ili ndege kubwa za ng'ambo zitue. Wenye mahoteli wanafurahi. Lakini hiyo kilomita ya zaidi haitajengwa hewani. Inapita kwa ardhi ya watu, na ndiyo maana majirani wamepinga: walipwe kwanza.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yataka fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Hata aliyekaa kwa nia njema bila hati anaweza kufikiriwa. Na mradi wa namna hii lazima uchunguzwe madhara yake kwa mazingira, kelele zikiwemo, na sisi wananchi tuna haki ya kutoa maoni.

Basi tufanye nini? Kila nyumba ihesabu minazi, miembe, visima na vyumba, iandike, na shahidi atie sahihi. Tume ya Ardhi ikitangaza kikao, madai yapelekwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa kikundi. Mtu asitie kidole kwa karatasi ambayo hajasomewa.

Tusiende mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.