Kipimo cha Maji ya Mfereji

Mto Nduruma hutelemka kutoka Mlima Meru, na wakulima huyagawana maji yake kwa mifereji. Wa juu akizidisha kidogo, wa chini hukaukiwa. Ugomvi huo hauamuliwi kwa macho, bali kwa kipimo.

Kipimo chepesi ni ubao uliokatwa pengo la umbo la V, pembe yake digrii 90, ukasimamishwa mferejini ili maji yote yapite pengoni na kuanguka huru. Kina juu ya ncha ya pengo kikiwa sentimita 10, hupita takriban lita 4.4 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 20, karibu lita 25. Kina kimeongezeka mara mbili, maji yameongezeka zaidi ya mara tano! Ndiyo maana agawaye kwa kukisia humdhulumu mwenzake bila kukusudia.

Rula isisomwe pengoni, kwani hapo maji yamekwisha kuinama. Isimamishwe upande yatokako maji, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, sifuri yake ikiwa sawa na ncha ya pengo. Tope nalo liondolewe.

Katibu aandike kina, siku na saa, mbele ya wajumbe wa juu na wa chini. Daftari hilo ndilo shahidi asiyependelea.