Maji Kwanza, Ukuta Baadaye

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama



Tumeombwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya ujenzi wa nyumba huko kwetu mashambani. Wengi wetu twaishi mjini kwa ajili ya kazi, na kila mwezi twaweka akiba kidogo ili siku moja tuwe na nyumba ya kudumu. Mkandarasi hatumwezi. Twanunua mawe wenyewe, twamwita fundi kwa siku, na likizo ikifika twashika mwiko na karai kwa mikono yetu. Jambo hilo ni la sifa. Lakini sisi tulio waandishi wa Chama, ambao barua zote za kuomba msaada hupita mezani petu, tumeona kwamba fedha nyingi hazipotei katika kujenga, bali katika kubomoa. Sebule imekwisha, lipu imepakwa rangi, madirisha yana vioo, ndipo mwenye nyumba hukumbuka maji. Hapo ukuta hutobolewa, sakafu hupasuliwa, na akiba ya mwaka mzima huliwa na kazi ambayo ingalifanywa kwa siku moja kabla msingi haujajazwa.

Kwa hiyo shauri letu leo ni moja tu. Kabla hujachimba msingi, jiulize maswali mawili: maji yataingia wapi, na maji yatatoka wapi?

Tuanze na maji yaingiayo. Wako akina mama wazee wanaokaa chini ya paa zuri la mabati, na kila alfajiri hushika njia ya mtoni na debe kichwani. Paa lile lile usiku limemwaga maji uani bure. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ambayo paa lake limefunika mita 10 kwa mita 6 ina mita za mraba 60. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 10 italeta lita 600, yaani madebe 30 ya lita 20. Mahali panapopata milimita 700 kwa mwaka, paa hilo litapokea lita 42,000. Na hata tukitoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka na kupotea, zitabaki lita 33,600.

Sasa tazama matumizi. Jamaa wa watu 6, kila mmoja akitumia lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, watamaliza lita 90. Tangi la lita 5,000 litawatosha kwa siku 55, na la lita 10,000 kwa siku 111, karibu miezi minne ya kiangazi. Asiyeweza kununua tangi kubwa na anunue dogo, lakini aache nafasi ya la pili.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Tangi lina urefu wake, na ukingo wa paa una wake. Tuseme tangi ni la mita 2, nalo limekaa juu ya jukwaa la sentimita 40 ili debe liingie chini ya mfereji. Gata, yaani mfereji wa paa, nayo yataka kuinama sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo katika ukuta wa mita 10 itashuka sentimita 10. Ongeza sentimita 10 za bomba la kuingilia. Jumla yake ni mita 2 na sentimita 60. Ukingo wa paa ukiwa chini ya hapo, maji hayatapanda kuingia tangini, hata ukimwita fundi gani. Basi pima tangi kwanza, kisha ndipo uamue ukuta uinuliwe kadiri gani.

Tena tusisahau uzito. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 zilizosimama mahali pamoja. Udongo uliolegea hautalichukua. Utatitia upande mmoja, na tangi la saruji litapata ufa, au bomba litang'oka. Ondoa udongo laini, shindilia mawe na kokoto, kisha mwaga zege ya fungu moja la saruji, mafungu mawili ya mchanga na mafungu manne ya kokoto. Funika zege hiyo kwa magunia na uinyweshe maji kwa muda wa siku 7. Zege haipati nguvu kwa kukaushwa na jua, bali kwa kukaa na unyevu. Mtu anayeiacha ipasuke kwa jua amenunua saruji kwa hasara.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege. Iache ipite, usiiingize tangini. Funika tangi barabara na utie wavu mwembamba kwenye kila tundu, kwa maana mbu hutaga mayai majini. Bomba la maji yanayofurika lipeleke mbali na msingi. Na ikiwa nyumba ni kuukuu, imeezekwa kwa vigae vya asbestosi vilivyopendwa zamani, usivikate wala usivivunje mwenyewe, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona.

Sasa tuje kwa maji yatokayo. Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo lenye hatari zaidi. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alizitia nyumba za marehemu katika ramani, akaona kwamba wengi wao walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya mkono iliyokuwa katika barabara ya Broad Street. Wakubwa wa mtaa wakauondoa mpini wa pampu ile. Mwaka uliofuata palifukuliwa, pakaonekana shimo la uchafu la nyumba iliyokuwa jirani. Matofali yake yalikuwa yamelegea, nalo halikuwa hata mita moja kutoka kisimani. Na maji yale watu walikuwa wakiyasifu kwa utamu wake! Macho na ulimi havitambui vijidudu.

Kwa hiyo choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, nacho kiwe upande wa mteremko ulio chini ya kisima, wala si juu yake. Chini ya shimo pabaki angalau mita 2 za udongo mkavu kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini. Wala usipime kisima chako peke yako. Vuka mpaka ukapime na cha jirani. Mashamba yetu yamegawanywa kwa warithi hata yamekuwa vipande vidogo, na choo kilicho mbali na mlango wako chaweza kuwa kando ya maji ya nduguyo. Mawe ya mpaka hayazuii maji ya chini ya ardhi. Ni heri jamaa wakae pamoja chini ya mti na kukubaliana mahali pa vyoo na visima, kuliko kukutana hospitalini.

Harufu na nzi navyo vina dawa. Tangu miaka ya 1970 choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichobuniwa katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, kimeenea sana Afrika. Bomba hilo hutoka shimoni na kupita juu ya paa kwa nusu mita, na mdomo wake hufunikwa kwa wavu usioshika kutu. Upepo ukipita juu huvuta hewa chafu. Chumba kikiwa na kiza, nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakafia kwenye wavu.

Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yasiachwe kutuama uani. Yapeleke kwenye migomba kwa bomba linaloshuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kila bomba linapokata kona, jenga kishimo chenye mfuniko, ili likiziba ulizibue bila kupasua sakafu. Na chini ya sinki weka bomba lililopindwa kama herufi U. Maji machache yanayobaki katika mpindo huo ndiyo mlango unaozuia harufu isirudi ndani. Alexander Cumming, mtengeneza saa, alipewa haki ya ubunifu wa choo chenye mpindo wa namna hiyo mwaka 1775, wala mpaka leo hatujapata njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Mwisho, mambo matatu ya kumwambia fundi siku ya msingi. Kwanza, kila mahali bomba litakapopita, alaze kipande cha bomba pana kabla ya kumwaga zege, ili bomba jembamba lipite humo baadaye. Pili, pawe na koki moja ya kufungia maji ya nyumba nzima, mahali ambapo hata mtoto ataifikia. Tatu, asifukie handaki wala kupiga lipu juu ya maungio kabla mabomba hayajajazwa maji na kuachwa usiku kucha. Tone unaloliona leo ni la kukaza kwa spana. Likifukiwa, litakula msingi kimyakimya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mabwana na mabibi, hatusemi kwamba sebule nzuri ni dhambi. Lakini mgeni husifu sebule siku moja, naye aliyebaki nyumbani huteka maji kila siku. Mwanachama anayekusudia kujenga mwaka huu na achore shamba lake katika karatasi moja: nyumba, tangi, kisima, choo, na visima vya jirani. Akipenda, aje ofisini na karatasi hiyo, tupime pamoja kwa rula. Kazi hiyo haina ada, na karatasi ni rahisi kufuta kuliko ukuta.