Wazee wa Keya na Deni Lao
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Siakago)



Leo hatukukutana kwa habari ya mishahara, ingawa mtaona kwamba imo ndani. Tumekutana kuwakumbuka watu wa Mbeere, Embu na Meru waliokwenda vitani.

Katika vita vya 1914 mpaka 1918, wengi hawakupewa bunduki, walipewa mizigo. Hao ndio Kariakoo. Walibeba unga, risasi na majeruhi mpaka ndani ya nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Vita vya pili vilipoanza 1939, watu waliitwa tena. Mpaka 1945 Waafrika wa Kenya karibu 98,000 walikuwa wameingia jeshini, wengine askari wa Keya, wengine madereva, wapishi, makarani na wachimba barabara. Walipigana Uhabeshi 1941 na Madagaska 1942. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua kubwa, matope na malaria. Mwezi wa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa.

Waliobaki nyumbani nao hawakupumzika. Tangu 1942 serikali ya kikoloni iliwachukua watu kwa lazima wakafanye kazi katika mashamba ya masetla na ya mkonge.

Baadhi ya wanachama wametuuliza: Kwa nini tuwakumbuke watu waliopigania serikali iliyotutawala? Swali hilo ni la haki, nasi tunajibu. Askari naye ni mtu wa kazi. Wengine waliandikwa kwa hiari kwa kutafuta kodi na mahari, wengine kwa kusukumwa na machifu. Kazi waliifanya. Je, malipo waliyapata?

Vita vilipokwisha, bakshishi ya askari Mwafrika ilikuwa karibu thuluthi moja ya ile aliyopewa Mzungu wa cheo kile kile. Mzungu aliyetoka vitani alitafutiwa shamba na mkopo. Mwafrika alirudi akakuta kipande kinamngoja, akivae tena shingoni. Risasi ya Mjapani haikuuliza rangi ya mtu, lakini karani wa malipo aliuliza.

Wazee hao hawakunyamaza. Bildad Kaggia alitumika jeshini mpaka Misri na Uingereza. Aliporudi akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na 1952 akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta. Waruhiu Itote alipigana Burma, na ujuzi huo akaenda nao msituni akiitwa General China. Waliona kwamba Mzungu naye huogopa, huugua na hufa. Mtu aliyeona hayo haiwezekani tena kumwambia asimame nje ya dirisha.

Ndugu, aliyekuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1945 sasa amekaribia miaka mia. Waliobaki ni wachache mno. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila mwanachama aulize nyumbani kwao: Nani alikwenda? Alikwenda wapi? Alirudi? Majina yaandikwe katika daftari la tawi.

Pili, barua za jeshi, nishani na picha zisitupwe wala zisiuzwe. Karatasi moja ya kuachishwa jeshi yaweza kumsaidia mjane au mtoto kuthibitisha haki yake.

Tatu, tujifunze kwao. Walisifiwa sana, lakini sifa haikununua hata debe la mahindi. Mwajiri akikuahidi jambo, liandikwe, litiwe sahihi, na nakala ikae kwenye chama.

Dawa ya deni ni kulipa. Deni la fedha tutaendelea kulidai. Deni la kuwakumbuka ni letu sisi, na tunaweza kuanza kulilipa leo jioni, kwa kumwuliza mzee jina.

Umoja ni nguvu.