Tumrudishie Mwiko Wake

(Hotuba kwa viongozi wa kamati, familia za wakimbizi wa ndani na familia zilizowapokea)



Leo tunaomba tuzungumze juu ya jiko. Pengine mtauliza, jiko na amani vinahusiana namna gani? Katika ziara zetu tumeona magomvi mengi yakianzia penye sufuria kabla hayajafika kwa mzee wa kijiji.

Mnajua kwamba mwezi wa pili mwaka 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia kwa jamaa au kwa watu wasiowajua. Katika nyumba moja ya namna hiyo tulimkuta mama asiyeona. Kwao alikuwa akiwapikia watoto wake mwenyewe. Hapa aliketi mlangoni tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Wenyeji wake walimkataza jiko kwa kumhurumia, wakiogopa ataungua. Lakini miezi ilipopita, huruma ikageuka manung'uniko: "Huyu anakula tu." Wazee walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alinyimwa hata mwiko.

Sisi pia tulikosa. Kwenye orodha yetu tulimwandika "hawezi", bila kumuuliza hata swali moja.

Tulipomuuliza, alijibu: "Macho nilipoteza zamani. Jiko nimelipoteza hapa." Basi tukamwomba mama mwenye nyumba akubali tujaribu siku moja.

Kwanza aligusa kila kitu kikiwa baridi: mbabula, sufuria, mwiko, kidumu cha maji. Akapanga kila kimoja mahali pake. Mfuko wa chumvi aliufunga fundo moja, wa sabuni ya unga mafundo mawili. Kidumu cha mafuta ya taa alikifunga kamba shingoni, akaomba kiwekwe mbali na moto. Alikaza kitenge chake ili ncha zisining'inie.

Maharagi aliyachagua kwa vidole. Jiwe ni gumu na zito, na punje iliyoliwa na wadudu ina tundu. Joto la makala alilipima kwa kiganja, akikisogeza polepole kutoka juu bila kugusa. Maji yalipochemka alijua kwa mlio na kwa kifuniko kutetemeka. Ili kujua kama maharagi yameiva, alitoa moja kwa kijiko, akaliacha lipoe, kisha akalibonyeza. Bugali ulimwambia mwenyewe: mwiko ulikuwa mzito, harufu ya unga mbichi ikaisha, na donge likaachana na sufuria. Siku ile nyumba nzima ilikula chakula chake. Leo wale mama wawili wanapokezana zamu.

Ndugu wapendwa, kuna mambo manne tunayowaomba.

Moja: msihamishe vitu vya mtu asiyeona bila kumwambia. Kidumu kilichosogezwa hatua moja kinaweza kumwangusha karibu na moto.

Mbili: mkiingia jikoni, semeni jina lenu. Semeni pia mahali palipo na hatari: "Mama, sufuria ya moto iko kuume kwako." Msimshike mkono kwa ghafula.

Tatu: watoto wadogo wawe mbali na moto, na maji safi yawe karibu. Mtu yeyote akiungua, pooza mahali pale kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Nne, kwa viongozi: mnapoandika orodha za msaada, muulizeni mwenyewe anaweza nini na anakosa nini. Msimwulize jirani yake tu. Yule mama hakuomba chakula kilichopikwa. Aliomba sufuria yenye mishikio imara na mbabula isiyoyumba.

Hili si jambo la huruma tu. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 11 kinataka walindwe wakati wa vita na maafa. Mwaka 2022 Kongo ilipata pia sheria yake yenyewe ya kulinda haki hizo.

Vita imewanyang'anya watu mashamba, nyumba na majirani. Sisi tusiwanyang'anye kazi ya mikono yao. Mkirudi nyumbani leo, angalieni ni nani ameketi mlangoni, kisha mwulizeni: "Mama, kwenu ulikuwa ukipika nini?"